Kabla ya Kununua Nyumba ya Zamani Mwanza, Kagua Nyaya Zake

Mnunuzi wa nyumba ya zamani jijini Mwanza huwa na maswali yake tayari. Hati ipo? Mipaka inajulikana? Paa linavuja? Nyaya za umeme haziulizwi, maana taa zikiwaka mtu huamini kila kitu ni kizima. Hapo ndipo faida ya biashara huanza kuyeyuka. Kubadili nyaya zote ni kuchimbua kuta, kupiga lipu na rangi upya, na kukosa kodi ya wapangaji wakati kazi ikiendelea.

Ikumbukwe kwamba TANESCO huhudumia njia ya umeme hadi kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani ni jukumu la mwenye nyumba. Siku unapotia saini mkataba, kila kiungo kibovu kilichomo darini kinakuwa chako.

Mzigo umebadilika

Nyumba iliyojengwa miaka ya 1950 au 1960 iliwekewa nyaya za taa chache, redio na pasi. Leo upande wake wa barabarani umegeuzwa fremu za biashara: saluni, duka lenye friji mbili, muuza samaki mwenye friza. Birika moja la umeme la kilowati 2 huvuta karibu ampea 9 kwenye umeme wa volti 230, wakati njia ya taa ya enzi zile ililindwa kwa fyuzi ya ampea 5. Nyaya zikizidiwa hupata joto, na joto hukausha ganda lake kidogo kidogo mpaka linapasuka.

Saa moja ya kutazama

Ukaguzi huu ni wa macho tu. Nenda mchana na tochi. Usifungue kifuniko chochote wala kugusa waya, na usichungulie darini kabla meni swichi haijazimwa. Hata ikizimwa, nyaya zinazotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita bado zina moto.

1. Meni swichi na fyuzi. Ubao wa mbao wenye fyuzi za kigae ni dalili ya kazi ya zamani. Tazama alama za kuungua na harufu ya plastiki iliyochomeka. Uliza fyuzi hukatika mara ngapi na hurudishwa kwa waya gani. Waya mnene kuliko unaotakiwa, au msumari, maana yake kinga imeondolewa.

2. Rangi za nyaya. Utaratibu wa zamani, uliofuata ule wa Uingereza, ulitumia nyekundu kwa waya wa moto na nyeusi kwa nyutro. Mpya hutumia kahawia na bluu. Ukiona aina zote mbili, nyumba imeongezewa nyaya baadaye. Uliza nani alifanya kazi hiyo. Kwenye jengo la umeme wa fezi tatu hatari ni kubwa zaidi: bluu ya zamani ni waya wa moto, bluu mpya ni nyutro.

3. Waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Mwanza ni mji wa mawe. Kwenye vilima vya Igogo, Mabatini au Bugando, fimbo ya ethi inaweza kugonga mwamba kabla haijazama vya kutosha. Tafuta fimbo hiyo nje ya nyumba. Je, ipo? Waya wake umeunganishwa au umekatwa na wauza vyuma chakavu? Mahali pa mawe, swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30, ni ya lazima kwa mtu mwenye busara.

4. Soketi na swichi. Soketi iliyopasuka, iliyogeuka rangi, au ya matundu ya mviringo ihesabiwe kuwa ya kubadilishwa. Ukiona ekstensheni imepita chini ya mkeka kutoka chumba hadi chumba, ujue soketi hazitoshi.

5. Darini. Angalia viungo vilivyofungwa kwa nailoni, meno ya panya, na nyaya zenye ganda la mpira linalomomonyoka. Ganda la namna hiyo ni la kizazi cha kabla ya plastiki, na umri wake umekwisha.

6. Alama za maji. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda na kuvuka rekodi ya mwaka 1964, maji yakaingia nyumba za ufukweni. Kwa nyumba iliyo karibu na ziwa, tafuta mstari wa maji ukutani. Soketi zilizo chini ya mstari huo zimewahi kuzama.

Mwisho, omba risiti za karibuni za LUKU. Huonyesha makato ya madeni, kama yapo. Kama wapangaji wa fremu sita wanatumia mita moja, andika hilo pia.

Macho yana mpaka

Waya uliomo ndani ya ukuta hauonekani. Ukaguzi wako ukionyesha dalili mbili au tatu, mlipe fundi mwenye leseni ya EWURA apime uzima wa ganda la nyaya kwa kipimo kinachoitwa mega, na apime ethi. Mtake akupe taarifa ya maandishi pamoja na makisio ya gharama. Asiwe fundi wa muuzaji.

Karatasi hiyo ndiyo silaha yako mezani. Tuchukue mfano wa hesabu tu: muuzaji anataka shilingi milioni 70. Makisio ya nyaya ni milioni 5, na kodi itakayokosekana wakati wa ukarabati ni laki 6. Bei yako ya kuanzia mazungumzo ni milioni 64 na laki 4. Muuzaji akikataa kupunguza, na atengeneze mwenyewe, kisha fundi wako apime tena kabla fedha haijatoka benki.

Nyumba yenye nyaya mbovu bado inaweza kuwa ununuzi mzuri, mradi bei imeshuka kwa kiasi cha ukarabati. Ikiwa haijashuka, wewe ndiye unayemlipia muuzaji miaka yote aliyokaa bila kuitengeneza.