Njia Panda ya Mkiwa na Kumbukumbu za Taifa

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Singida, akisha kuipita Manyoni na kushika njia ya kaskazini, hufika katika kijiji kiitwacho Mkiwa. Hapo barabara hugawanyika. Moja huendelea hadi Ikungi na Singida, na kutoka huko hadi Nzega na Mwanza. Nyingine hukata kwenda Itigi, ikapita Rungwa na Makongolosi kuelekea nchi ya Mbeya. Wengi hupita hapo bila kushuka garini, na wachache miongoni mwao hulifikiri jina la kijiji hicho. Kwa Kiswahili mkiwa ni mtu aliye peke yake, asiye na jamaa wala wa kumliwaza. Asili ya jina la kijiji ni ya wazee wa huko kuisimulia, nasi hatutaki kuwanyang'anya haki yao. Lakini neno lenyewe latupa swali la kuuliza leo: Je, mtoto aliyezaliwa katika njia panda ile ni mkiwa katika historia ya nchi yake, au anao ndugu humo?

Swali hili si la mzaha. Mtaala mpya wa elimu ulianza kutumika mwaka 2024, na ndani yake limo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lifundishwalo kwa Kiswahili. Sisi twalipokea somo hilo kwa mikono miwili. Taifa lisilowafundisha watoto wake lilikotoka lafanana na mwenye nyumba asiyejua msingi wake umejengwa juu ya mwamba au juu ya mchanga. Hata hivyo, yatupasa kusema wazi kwamba kuweka somo katika ratiba ni jambo moja, na kulipandikiza moyoni mwa mtoto ni jambo jingine. Ikiwa historia itafika Mkiwa ndani ya kitabu tu, imejaa majina ya watu wa mbali na miji ya mbali, basi mtoto ataikariri kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani ataiacha pale pale alipoiokota.

Wala si kweli kwamba historia ya taifa ilipita mbali na nchi ile. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ikisha kulipa hongo kwa watemi wa Ugogo, iliingia katika nyika ya vichaka vilivyosongamana, isiyo na maji kwa mwendo wa siku nyingi. Wasafiri waliiita Mgunda Mkali. Nyika hiyo ndiyo nchi ambayo leo twaijua kwa jina la Itigi. Waingereza Richard Burton na John Speke waliipita mwaka 1857, naye Henry Stanley akaipita mwaka 1871, na kila mmoja wao aliandika habari za taabu yake. Lakini mizigo yao ilibebwa na nani? Ilibebwa na Wanyamwezi, na Waswahili wa pwani, na watu wengine wa bara hili, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Katika njia hiyo hiyo walipita pia watumwa waliokuwa wakipelekwa pwani. Mtoto wa Mkiwa aambiwe hayo yote, ya ushujaa na ya uchungu, kwani yalitendeka katika ardhi iliyo jirani na shamba la babaye.

Baada ya misafara wakaja Wajerumani, wakajenga boma lao Kilimatinde. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na kazi iliyokuwa ya vichwa na mabega ya wapagazi ikafanywa na gari moshi. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilijenga tawi la reli kutoka Manyoni kwenda kaskazini katika nchi ya Singida. Tawi hilo halikuleta faida waliyoitarajia, na katika miaka ya 1940 liling'olewa, vyuma vikaondolewa. Baada ya uhuru, reli ya Singida ilijengwa tena. Mwalimu mwenye busara hahitaji maneno mengi ili kueleza maana ya kutawaliwa na maana ya kujitawala. Atamwonyesha mwanafunzi reli hiyo moja tu, jinsi ilivyowekwa, ikang'olewa, kisha ikawekwa tena, na atamwuliza ni nani aliyeamua kila mara, na kwa manufaa ya nani.

Kisha yuko Liti. Yapata mwaka 1908 Wanyaturu walisimama kuupinga utawala wa Wajerumani, na kiongozi anayekumbukwa kuliko wote katika upinzani huo alikuwa mwanamke. Wazee husimulia kwamba silaha yake mojawapo ilikuwa nyuki. Leo uwanja wa mpira wa Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, waitwa Liti kwa heshima yake. Hilo ni jambo jema sana. Lakini kati ya maelfu wanaoingia uwanjani humo kushangilia, ni wangapi wawezao kueleza Liti alikuwa nani, na alitaka nini? Jina lililotundikwa langoni bila habari zake ni kama taa isiyo na mafuta. Nchi nzima ina majina ya namna hiyo katika barabara, shule na viwanja, nayo yangoja mtu wa kuyatia mafuta.

Hali kadhalika, mtoto wa Singida anakaa mahali ambapo lugha za asili mbalimbali zimekutana. Wapo Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo na Wakimbu, ambao lugha zao ni za Kibantu. Wapo Wabarabaig, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kinailoti. Wapo Wahadzabe, na jirani mashariki wapo Wasandawe, ambao hutamka maneno yao kwa vidoko. Tena si mbali wapo Wairaki, wenye lugha ya jamii ya Kikushi. Watu hao wameuziana nafaka na mifugo, wameoana, na pengine wamegombana, kwa vizazi vingi kabla ya mtu yeyote kuchora mpaka na kuuita Tanganyika. Umoja wa taifa letu, basi, haukuanza mwaka 1961 kama mvua inyeshavyo katika anga tupu. Ulikuwa na mizizi, na mizizi hiyo yaonekana Singida kuliko mahali pengi.

Shule ya mkoloni haikumfundisha Mwafrika mambo hayo. Ilimfundisha kwamba kabla ya mgeni kufika palikuwa na giza tupu. Tena shule zenyewe zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Utengano huo uliondolewa kwa sheria, na tangu mwanzo wa mwaka 1962 mfumo wa elimu ukawa mmoja. Mwezi Desemba mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akiamini kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu wasio na roho ya taifa. Mwaka 1967 ikatoka Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Kwa njia hiyo mtoto wa Mkiwa na mtoto wa Newala waliweza kusoma kitabu kimoja na kuelewana wakikutana. Hizo si kazi ndogo, na hatuna budi kuzikumbuka kwa shukrani.

Lakini kazi moja ya miaka ile twaipenda zaidi, nayo yafaa iwe mfano wetu leo. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake vijijini kukusanya habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Hawakutumwa maktabani tu kusoma barua za Wajerumani. Walitumwa kwa wazee, wakaketi chini, wakasikiliza, wakaandika. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu, na ndani yake Mwafrika hakuwa tena mtazamaji wa matendo ya wengine bali mtendaji. Fikirini, ndugu wasomaji: wakati ule walioiona vita kwa macho yao walikuwa wameuzeeka. Kama kazi hiyo ingaliahirishwa kwa miaka ishirini, wanafunzi wangaliyakuta makaburi.

Sisi leo tuko katika saa ile ile. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini siku bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, Desemba 1961, sasa amepita miaka themanini. Aliyekuwa mama kijana mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, sasa ni bibi aliyepita miaka sabini. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni wajibu, na katika miaka mitatu iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa. Mnyaturu alikuwa amezoea kujenga kaya yake karibu na zizi lake, na kulima mtama na uwele katika shamba lililorutubishwa kwa samadi ya ng'ombe wake. Kwake yeye kuhama hakukuwa kubadili nyumba tu. Kulikuwa kuliacha shamba lililotunzwa na babu yake. Kijijini alipata shule, zahanati na majirani. Je, alipata nini zaidi, na alipoteza nini? Mwenye jibu ni yeye. Naye bado yu hai, lakini hatatungoja daima.

Watakuwapo watakaosema kwamba kuchimbua habari za kila kijiji na kila kabila kutaamsha ukabila. Hofu hiyo twaielewa, kwani tumeona nchi nyingine zilivyoungua kwa moto huo. Lakini ukabila hauletwi na mtu kumjua babu yake. Huletwa na mtu kudhani kwamba babu yake peke yake ndiye aliyekuwa mtu. Dawa yake si kusahauliana, bali kujuana. Mwalimu aliyezaliwa Bukoba au Mtwara akapangiwa kazi Mkiwa, akiketi pamoja na wanafunzi wake kumsikiliza mzee wa Kinyaturu akisimulia habari za Liti, hapungukiwi na chochote cha Uhaya wala Umakonde wake. Yeye na wanafunzi huzidi kuwa Watanzania.

Wengine watasema kwamba mambo yasiyoulizwa katika mtihani ni kupoteza wakati. Kwa hao twajibu kwamba mtihani hupima sehemu ya elimu, wala si elimu yote. Mtoto aliyejifunza kumhoji mzee kwa adabu, kuandika alichosikia bila kuongeza chumvi, na kulinganisha masimulizi mawili yanayopingana, amejifunza kazi ya mwanahistoria, ya hakimu, na ya raia mwema. Somo lenyewe laitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Hayo ndiyo maadili katika vitendo.

Kwa hiyo shauri letu ni jepesi, wala halihitaji fedha nyingi. Kila shule ya msingi iwe na daftari la kijiji. Kila muhula wanafunzi wa madarasa ya juu, wakiongozwa na mwalimu, wawaendee wazee wanaume kwa wanawake, waandike wanayoambiwa: asili ya jina la mahali, njia za zamani, miaka ya njaa, ujenzi wa shule ya kwanza, siku za kuhamia kijijini, mila za kilimo, nyimbo za kazi na maana zake. Yaandikwe kwa Kiswahili, na maneno ya lugha ya nyumbani yahifadhiwe kama yalivyotamkwa. Nakala moja ikae shuleni, moja ofisi ya kijiji, na moja ipelekwe wilayani ihifadhiwe vema. Wala viongozi wasilisafishe daftari hilo kwa kufuta yasiyopendeza. Kijana akigundua kwamba alifichwa uchungu wa bibi yake, hataamini hata sifa alizofundishwa, ijapokuwa ni za kweli.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Sisi twaongeza kwamba asili haiachwi kwa makusudi tu. Huachwa pia kwa uvivu, kwa kungoja kesho, na kwa kudhani kwamba mwingine ataandika. Mabasi yataendelea kupita katika njia panda ya Mkiwa mchana na usiku, yakienda kaskazini na magharibi. Tunalotaka ni kwamba mtoto anayeyatazama kando ya barabara ajue kwamba njia ile ilikanyagwa na wapagazi kabla ya magari, kwamba nchi yake ilikuwa na mwanamke aliyesimama mbele ya bunduki, na kwamba habari za bibi yake ni ukurasa halali wa historia ya Tanzania. Akijua hayo hatakuwa mkiwa popote atakapokwenda. Walimu, wazazi na viongozi wa vijiji, kalamu ziko mikononi mwenu, na wazee bado wako vibarazani. Waendeeni sasa.