Hita Inayobahatisha Namba

Sogeeni, vijana, maana mashine ninayowasimulia leo ina kelele, na ukikaa mbali na msimulizi utasikia feni tu.

Inaitwa Antminer S9. Ni kisanduku cha bati chenye urefu wa sentimita 35, feni moja mbele na nyingine nyuma. Kampuni ya Bitmain ya China iliitoa mwaka 2016, na wachimbaji wakubwa wa Bitcoin, pesa ya kidijitali, wakaipanga kwa maelfu ndani ya maghala. Leo imezeeka. Maghala yamenunua mpya, na hizi kuukuu zinauzwa kwa bei rahisi kwa watu wanaotaka kuchimba nyumbani. Swali la kila anayeinunua ni lilelile: itaniletea pesa? Jibu limo kwenye joto lake, na ili tulione inabidi turudi nyuma kidogo.

Tarehe 3 Januari 2009, mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto alifungua daftari la Bitcoin. Daftari hilo halitunzwi na benki yoyote. Nakala zake zimesambaa kwenye kompyuta za dunia nzima, na kila baada ya dakika 10 hivi linaongezwa ukurasa mpya wa malipo. Anayepata haki ya kuuongeza, na zawadi yake, ni yule ambaye mashine yake imeipata namba inayotakiwa. Namba hiyo haina njia ya mkato. Mashine huchukua orodha ya malipo, huibandikia namba yoyote, huipitisha kwenye kanuni iitwayo SHA-256, kisha hutazama kama jibu limeshuka chini ya kiwango kilichowekwa. Likiwa halijashuka, hubadilisha namba na kujaribu tena. Huko ndiko kuchimba, na S9 hufanya hivyo mara trilioni 13.5 kwa sekunde moja.

Mwanzoni kompyuta ya kawaida ilitosha. Mwaka 2010 watu wakagundua kwamba kadi za picha, zile za michezo ya kompyuta, hubahatisha haraka zaidi. Mmoja wa waliozitumia mapema ni Laszlo Hanyecz wa Florida, yuleyule aliyetoa bitcoin 10,000 mwezi Mei mwaka huo akaletewa piza mbili. Mwaka 2013 zikaingia mashine zisizojua kazi nyingine yoyote. Lakini mtandao una kanuni yake: kila kurasa 2,016, yaani kila wiki mbili hivi, ugumu wa namba hupangwa upya ili dakika 10 zibaki dakika 10. Mashine zikizidi duniani, fungu la kila moja hupungua. Tena zawadi yenyewe hukatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Ilianza bitcoin 50 kwa ukurasa. Tangu Aprili 2024 ni 3.125.

Sasa umeme. S9 hula wati 1,320 hivi. Unakwenda wapi umeme huo? Hausagi unga wala hausukumi maji. Namba zinazobahatishwa hazina uzito wala mwendo. Basi karibu kila wati inayoingia kwenye chipu zake 189 hutoka ikiwa joto, kama pasi ya umeme iliyoachwa inawaka chumbani usiku na mchana. Mkilishika hili moja, mengine yote yatafuata: anayenunua mashine ya kuchimba amenunua hita inayobahatisha namba.

Ndiyo maana nawapeleka kwenye baridi. Twendeni Québec, Kanada, mwezi Januari, nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Huko nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme, na umeme wenyewe unatoka kwenye mabwawa makubwa, kwa bei ya chini. Mwenye nyumba ameiweka S9 yake kwenye chumba kilicho chini ya ardhi.

Tatizo la kwanza atakalolisikia ni feni. Zina upana wa sentimita 12, na zimeundwa kuzunguka hadi mara 6,000 kwa dakika. Ukisimama karibu nazo unapata desibeli 75 hivi, kiasi cha kulazimika kupaza sauti ili usikike. Wengi hukimbilia kuifungia mashine kabatini. Hapo wanakosea: kabati linalozuia kelele linazuia na hewa, hewa ya moto inarudi mbele ya mashine, feni zinaongeza kasi, na kelele inazidi ile ya awali.

Fundi mzuri huanza na joto, siyo na sauti. Huweka programu mbadala ya kuiendesha mashine, kisha hupunguza volti za chipu na kasi yake. Hapa fizikia inamsaidia sana. Nguvu inayoliwa na chipu hufuata mraba wa volti: ukipunguza volti kwa sehemu moja ya kumi, hata kasi isipoguswa, umeme unashuka hadi asilimia 81 ya ule wa mwanzo. Joto likipungua, feni zinaweza kutulia. Feni ikizunguka kwa nusu ya kasi, kelele yake hushuka kwa desibeli 15 hivi, na sikio letu huhisi kila desibeli 10 kama nusu ya sauti. Kisha huziondoa zile feni ndogo na kufunga kubwa, kwa sababu feni pana husukuma hewa ileile ikizunguka polepole. Mwisho huunganisha bomba nyuma ya mashine: wakati wa baridi linapeleka hewa ya moto kwenye vyumba vya juu, wakati wa kiangazi linaitoa nje kupitia dirishani. Vumbi hupulizwa mara kwa mara, maana mapezi ya alumini yaliyoziba hayapozi kitu.

Na nyaya, jamani. Mashine hii inahitaji volti 240 ili ifanye kazi yake yote, ilhali soketi za kawaida Kanada ni volti 120. Mwenye nyumba humwita fundi umeme avute waya wake maalumu. Kuichomeka kwenye ekstensheni nyembamba, iwe kokote duniani, ni kutafuta moto wa kuunguza nyumba.

Haya, tupige hesabu ya pesa. Kurasa 144 kwa siku mara 3.125 ni bitcoin 450, zinazogawanywa kwa wachimbaji wote duniani. Tuseme kwa jumla wanafanya majaribio trilioni bilioni moja kwa sekunde, na bitcoin moja ni dola 100,000 za Marekani. Fungu la S9 linakuwa kama senti 60 kwa siku, karibu senti 80 za Kanada. Umeme wake ni yuniti 32. Kwa senti 7 za Kanada kila yuniti, ni dola 2 na senti 24. Hasara tupu! Lakini kama nyumba ile ingewasha hita ya kawaida kupata joto hilohilo, zile dola 2 na senti 24 zingelipwa vilevile, na senti 80 ni faida. Yote hayo hubadilika nyumba ikiwa na pampu ya joto, ambayo kwa yuniti moja ya umeme huleta joto la yuniti kama tatu. S9 haiishindi.

Kampuni ya Qarnot ya Ufaransa ililiona mapema jambo hili la hita inayochimba. Mwaka 2018 ilitoa hita ya nyumbani yenye kadi mbili za picha na mbavu za alumini, bila feni hata moja, iliyochimba pesa nyingine ya kidijitali, Ethereum, kimya kimya. Septemba 2022 Ethereum iliacha kuchimbwa.

Je, Dar es Salaam? Tuseme yuniti ni shilingi 350. S9 inakula shilingi 11,000 kwa siku, na kiyoyozi cha kuliondoa joto lake kinaongeza kama theluthi. Mapato ni shilingi 1,500 hivi. Simshauri mtu. Kwetu Afrika uchimbaji unafaa pale umeme unapozidi: huko Luviro, Congo, hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba mwaka 2020 kwa umeme wa mtambo wake wa maji, na huko Murang'a, Kenya, kampuni ya Gridless ilianza kutumia umeme wa mtambo mdogo ambao wakazi hawakuumaliza.

Anayetaka kujifunza kwa mikono atafute Bitaxe, mashine ndogo ambayo ramani zake ziko wazi kwa yeyote. Kwa kawaida hula chini ya wati 20, na pesa yake ni ya kuhesabu kwa satoshi tu, yaani vipande vidogo kabisa vya bitcoin. Punguza volti hatua kwa hatua, na kila hatua uandike joto, wati na majaribio kwa sekunde.