Je, Wajua? Kifuko Kinachojificha Kando ya Mrija wa Mkojo

Mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu cha mwanamke ni mfupi, kama sentimita 4 tu. Pembeni mwake kuna tezi ndogondogo. Mbili kati yake zina jina la Alexander Skene, daktari mzaliwa wa Uskoti aliyezieleza mwaka 1880 akiwa Brooklyn, Marekani. Aghalabu mambo huanzia kwenye tezi za namna hiyo. Moja huziba, hujaa usaha, kisha hupasukia ndani ya mrija. Usaha hutoka lakini tundu hubaki, na kila mara mwanamke anapokojoa, mkojo kidogo huingia humo na kutuama. Hicho ndicho kifuko ambacho madaktari hukiita divatikula.

Wapo wanawake wenye kifuko hiki wanaotibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) miaka nenda miaka rudi, vidonge juu ya vidonge, bila mtu kuwapima ukeni. Hilo linaudhi, maana kipimo chenyewe ni kidole: kwenye ukuta wa mbele wa uke hukutwa uvimbe laini, na ukibonyezwa, usaha au mkojo huchuruzika kwenye tundu la mkojo. Dalili nyingine ni matone yanayovuja mtu akishainuka chooni, na maumivu wakati wa tendo la ndoa.

Mwanamke mwenye kifuko hiki akiwa mjamzito, mkojo hupita polepole zaidi, na maambukizi yakipanda hadi kwenye figo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Hata hivyo daktari hakimbilii kisu. Mishipa ya uke wakati huo imejaa damu, na mshono ukiachia, mama anaweza kubaki na fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo ukeni. Hupigwa altrasaundi, mkojo huoteshwa maabara, kisha hupewa antibayotiki zinazofaa ujauzito, kama za jamii ya penisilini. Kifuko kikijaa na kuuma, hunyonywa kwa sindano kupitia ukeni.

Wengi hujifungua kwa njia ya kawaida. Kifuko kikubwa kinachoziba njia huweza kunyonywa hata uchungu ukiwa umeshaanza. Kukitoa kabisa husubiri mpaka mwili upone uzazi. Daktari hushona tabaka kwa tabaka, akihakikisha mishono hailaliani, na mpira wa mkojo hukaa siku kadhaa mrija ukipona. Kifuko chenyewe hupelekwa maabara: baadhi huwa na vijiwe ndani, na mara chache sana hukutwa saratani.