Jenerali au Marshali: Vyeo vya Juu vya Jeshi la Anga katika Kiswahili

Katika istilahi za kijeshi, hatuna budi kwanza kutenganisha cheo na wadhifa. Meja Jenerali ni cheo. Mkuu wa Kamandi ya Jeshi la Anga ni wadhifa. Vivyo hivyo, Amiri Jeshi Mkuu, ambaye ndiye Rais, si cheo cha juu kuliko Jenerali, bali ni mamlaka anayopewa na Katiba.

Duniani zipo mila mbili kuu za kuvitaja vyeo vya anga. Ya kwanza ni ya Uingereza. Jeshi la Anga la Kifalme lilipoundwa mwezi Aprili 1918 lilitumia vyeo vya nchi kavu. Mwezi Agosti 1919 likapata vyake lenyewe. Kileleni yuko Marshali wa Jeshi la Anga la Kifalme, na wa kwanza kukifikia cheo hicho alikuwa Hugh Trenchard, mwaka 1927. India, Pakistani na Nigeria zilifuata mkondo huo. Mila ya pili, ambayo ni ya Marekani pia, hutumia majina yale yale kwa anga na nchi kavu, na kwa kawaida huishia kwa Jenerali.

Tanzania na Kenya, ijapokuwa zilitawaliwa na Waingereza, zimeshika mila ya pili. Ndiyo maana Julius Karangi, aliyeyaongoza Majeshi ya Ulinzi ya Kenya kuanzia 2011 hadi 2015, aliitwa Jenerali, ingawa alitoka Jeshi la Anga. Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali na Jenerali ni ngazi moja kwa rubani na kwa askari wa miguu.

Hapo ndipo mfasiri hujikwaa. Mwanafunzi wa Hedaru akisoma habari za Uingereza, na Grupu Kapteni akaandikwa Kapteni, afisa huyo atakuwa ameshushwa ngazi tatu, maana cheo chake ni sawa na cha Kanali. Kadhalika neno “mkuu” hupotosha: Marshali Mkuu wa Anga hulingana na Jenerali, naye yuko chini ya Marshali wa Jeshi la Anga la Kifalme.

Kwa hiyo napendekeza jina la kigeni lihifadhiwe, kisha lifuatwe na ulinganifu wake: “Marshali Mkuu wa Anga, cheo kinacholingana na Jenerali.” Tafsiri isiyopima ngazi humvua mtu heshima aliyoitumikia, au humvika asiyopewa.