Si "doh" na "mathe" zinakuangusha: cheki makosa 5 yanayokula alama za insha KCSE

Kama uko Form Four, hii ni yako. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ina insha mbili, kila moja alama 20. Wengi hudhani ukishaacha "doh", "mathe" na "keja" nje ya mlango umeokoka. Wapi! Hayo utayaona mapema. Noma ni ile sarufi ya mtaa inayoingia kimya kimya, kila neno likikaa safi.

1. Mwenye. "Mtu mwenye aliniita" iache base. Mwenye ni aliye na kitu: mwenye duka, mwenye nyumba. Andika "mtu aliyeniita". Na "kitabu chenye nilisoma" ni "kitabu nilichosoma".

2. Ako. Kwa karatasi ni "yuko". "Ako na pesa" inakuwa "ana pesa".

3. Ngeli. Mtaani "zangu" inabeba kila kitu kikiwa kingi: viatu zangu, macho zangu. Msahihishaji anataka viatu vyangu, macho yangu. Maji nayo hayawezi kuwa "imemwagika", yamemwagika.

4. Juu. "Nilichelewa juu kulinyesha." Buda, juu ni kule kwa paa. Andika "kwa sababu" ama "kwa kuwa".

5. Maneno mapacha. Kuwakilisha ni kusimama kwa niaba ya wengine. Kuwasilisha ni kufikisha kitu. Mbunge huwakilisha watu wake, kisha huwasilisha mswada bungeni. Na siku ya uchaguzi tunapiga kura, hatupigi "kula".

Dawa? Mtihani ni saa 1 na dakika 45. Tenga dakika 5 za mwisho. Usisome stori yako tena, utajipendea bure. Winda tu: mwenye, ako, zangu, juu. Ukiipata, kata mstari mmoja safi, andika upya.

Na hakuna aliyesema uzike Sheng. Karatasi ya pili ina isimujamii, alama 10, inayotaka ujue kwa nini watu huongea hivi sokoni na vile mahakamani. Wewe hubadilisha lugha kila siku kati ya base, mat na darasani, kwa hivyo hiyo topic unaiishi. Kazi ni moja: ukishika kalamu, kumbuka uko wapi.