Tarakilishi ndogo: Shule ziulize kazi kabla ya bei

Bei nafuu ina ushawishi wake, hasa kwa shule ambayo kila shilingi yake ina wenyewe watatu wanaoing'ang'ania. Ndiposa haishangazi kwamba kibao cha umeme kiitwacho Raspberry Pi, kinachokaribia ukubwa wa kitambulisho na kinachofanya kazi kama tarakilishi kamili, kinawavutia walimu na wanafunzi wengi. Chama cha sayansi shuleni hukitaka. Mwanafunzi humsihi mzazi wake. Mwalimu mkuu naye huulizwa: tukinunue au tusikinunue?

Maoni yangu ni kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kutazama bei. Sharti kwanza ijulikane kazi itakayofanywa na mtu atakayeifanya.

Ni vyema tukumbuke kiini cha chombo chenyewe. Katikati ya miaka ya 2000, Eben Upton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitambua kwamba vijana walioomba kusomea sayansi ya tarakilishi walikuwa wakipungua, na waliokuja hawakuwa na tajriba ya kuandika programu kama waliowatangulia. Kizazi cha awali kilikulia kwenye mashine kama BBC Micro ya mwaka 1981, ambayo ilipowashwa ilikaa ikisubiri amri ya mtumiaji. Wakfu wa Raspberry Pi ulianzishwa mwaka 2009, na kibao cha kwanza kikauzwa Februari 29, 2012 kwa dola 35. Shabaha ilikuwa kumpa mtoto mashine anayoweza kuichokoa, kuiharibu na kuitengeneza bila kuitia familia yake hasarani. Tangu mwanzo, basi, hiki kilikuwa chombo cha kujifunzia. Kuandika barua na kujumlisha alama ilikuwa kazi ya ziada tu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Anayenunua kibao hununua kibao tu. Atahitaji chaja yenye nguvu ya kutosha, kadi ndogo ya kuhifadhia kumbukumbu, kibodi, kipanya, skrini na waya wa kuviunganisha. Skrini kuukuu zilizobaki katika maabara zetu nyingi hazikubali waya wa HDMI, hivyo adapta itahitajika. Raspberry Pi 5 ilipotoka mwaka 2023, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 iliuzwa dola 60, nayo hufaa kuwekewa feni kwa sababu hupata joto. Ongeza nauli ya mzigo, ushuru na faida ya muuzaji. Mtu akijumlisha yote hayo, huenda akafikia bei ya kipakatalishi kilichotumika, ambacho huja na skrini, kibodi na betri yake. Waama, rahisi ni ghali.

Aidha, kuna suala la umeme. Kibao hiki hakina betri. Umeme ukikatika ghafla kinapoandika kwenye kadi, yaliyomo huweza kuharibika, na siku ya pili mashine ikakataa kuwaka. Katika shule ambayo stima hupotea bila kuaga, mwalimu hana budi kuwa na nakala ya kadi hiyo kabatini na kujua namna ya kuirejesha.

Kwa hivyo, kama haja ya shule ni kuchapa mitihani, kujaza alama au kuwafunza wanafunzi matumizi ya kawaida ya ofisi, wanunue vipakatalishi vilivyotumika. Programu nyingi zilizotengenezewa Windows hazitafanya kazi katika Raspberry Pi, ambayo kwa kawaida hutumia mfumo wa Linux. Hapana aibu katika uamuzi huo.

Hata hivyo, ziko kazi mbili ambazo chombo hiki huzifanya kwa namna ambayo ni vigumu kuipinga. Ya kwanza ni kuiunganisha programu na ulimwengu unaogusika. Kibao kina pini 40 ambazo mwanafunzi huweza kuziunganisha na taa, kipimajoto au swichi. Mwanafunzi wa kilimo akiandika programu ya kupima joto la kivungulio usiku kucha na kuchora grafu asubuhi, amesoma kilimo, fizikia na hisabati kwa pamoja. Atakapopata nambari asizozielewa, atalazimika kuuliza kama kosa liko katika waya, katika programu au katika fikira zake. Swali la aina hiyo halipatikani katika kitabu cha mazoezi.

Kazi ya pili ni maktaba isiyohitaji intaneti. Programu kama Kolibri na Kiwix zinaweza kuwekwa katika kibao kimoja pamoja na masomo, vitabu na hata Wikipedia ya Kiswahili. Aina nyingi zilizotolewa tangu Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016 zina Wi-Fi, kwa hivyo vishikwambi vilivyo darasani vinaweza kusoma kutoka humo. Shule ya msingi iliyobaki na vishikwambi vinavyofanya kazi, vya ule mradi wa serikali ulioanza mwaka 2016, ina sababu nzuri ya kulifikiria jambo hili. Kibao kimoja kikihudumia darasa zima, unafuu wake ni wa kweli.

Wapo watakaosema kwamba mtoto wa shule maskini hana muda wa kungojea mashauriano haya, na kwamba chochote ni afadhali kuliko ukosefu. Isitoshe, watatukumbusha kwamba mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha mtaala wa kuandika programu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini shule maskini ndiyo isiyoweza kumudu kununua kitu na kukiacha kikipigwa na vumbi. Gharama kubwa ya chombo hiki haimo katika stakabadhi ya duka. Imo katika saa za mwalimu. Nani atakifungua Alhamisi jioni wengine wakielekea uwanjani? Na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ikimhamisha mwalimu huyo muhula ujao, nani atabaki na maarifa yake?

Pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni hili. Nunueni kimoja, msinunue ishirini. Walimu wawili wajifunze pamoja, na pamoja nao wanafunzi wachache wa kidato au gredi ya chini, ambao watakuwepo shuleni miaka ijayo. Wapewe kazi moja inayojulikana na muhula mmoja wa kuifanya. Kazi ikitimia, bodi itakuwa na ushahidi wa kutolea pesa zaidi. Isipotimia, hasara itakuwa ya kibao kimoja.

Nawe mwanafunzi, usimpe mzazi wako mzigo kabla hujajipima. Scratch na Python hupatikana bila malipo, na hutumika katika tarakilishi yoyote ya kawaida utakayoruhusiwa kuitumia. Andika programu kwa muhula mzima. Ikiwa mwishoni bado una hamu, na unalo jambo ambalo tarakilishi ya kawaida haiwezi kukufanyia, mwambie mzazi jambo lenyewe, wala usimtajie jina la mashine pekee. Usikimbilie toleo jipya. Kibao kikuukuu cha mtu aliyechoka nacho kitakufaa kwa mengi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliye tayari kuinama na anunue. Ambaye bado hajui anachokitafuta mvunguni, na aziweke fedha zake kwanza.