Watambaazi wa kale wa majini: Kwa nini mifupa yao ipo Mariakani na Tanga, lakini haipo Biharwe?

Lori linalobeba nafaka au mafuta kutoka bandari ya Mombasa kuelekea Mbarara, Kigali au Bukavu hupimwa uzito kwenye mizani ya Mariakani kabla halijafika mbali na pwani. Siku kadhaa baadaye hupita Biharwe, kwenye barabara kuu ya Masaka kwenda Mbarara. Barabara ni hiyo hiyo moja, lakini miamba iliyo chini ya magurudumu katika sehemu hizo mbili imetengana kwa umri wa zaidi ya miaka bilioni moja.

Mwaka 1977, wanasayansi John Harris na Robert Carroll walichapisha maelezo ya mtambaazi wa kale aliyepatikana katika miamba ya Mariakani. Walimpa jina la Kenyasaurus mariakaniensis, na mabaki yake yamo katika hifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Biharwe, kwa upande wake, haitarajiwi kutoa hata pingili moja ya uti wa mgongo wa mnyama wa jamaa hiyo, hata pakichimbwa kwa miaka mia moja.

Swali la kwa nini iwe hivyo linawahusu pia wakazi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambako zaidi ya watu laki moja wanaishi kando ya ziwa lenye jina hilo. Wengi wao walitoka Kongo na Burundi, na Kiswahili ndicho lugha yao ya sokoni. Kenge na mamba si wanyama wageni katika ukanda huu wa maziwa, na mtu anayewafahamu hao amekwisha kupata nusu ya maelezo.

Waliorudi majini

Watambaazi wa kale wa baharini hawakuwa dinosaria, ingawa magazeti na filamu huwachanganya mara kwa mara. Walikuwa makundi kadhaa tofauti ambayo mababu zao waliishi nchi kavu, kisha, kila kundi kwa wakati wake, wakarudi majini. Waliendelea kuvuta hewa kwa mapafu, hivyo walilazimika kupanda juu kupumua kama afanyavyo pomboo leo.

Iktiosauri walipata umbo la samaki kabisa, na baadhi ya visukuku vyao vimekutwa na watoto tumboni, ushahidi kwamba walizaa badala ya kutaga mayai. Plesiosauri walikuwa na mapezi manne yaliyofanya kazi kama makasia. Mosasauri, waliokuja mwishoni, walikuwa jamaa wa karibu wa kenge na nyoka, na baadhi yao walizidi urefu wa mita kumi. Mosasauri na plesiosauri walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, katika janga lile lile lililowamaliza dinosaria. Iktiosauri walikuwa wamekwisha kutoweka muda mrefu kabla ya hapo.

Mwaka 2010, watafiti waliopima aina za oksijeni zilizobaki ndani ya meno yao walikadiria kuwa joto la mwili wa wengi wa wanyama hao lilikuwa kati ya nyuzi 35 na 39 za Selsiasi. Hicho ni kiwango kinachokaribiana na cha binadamu, na ni mbali sana na cha mamba anayehitaji kuota jua asubuhi.

Afrika Mashariki, hata hivyo, inajulikana zaidi kwa sura ya mwanzo ya historia hii, kabla majitu hayo hayajaitawala bahari.

Mjusi wa Tanga na kokoto za Madagaska

Mwaka 1924, Sidney Haughton, mtaalamu wa visukuku aliyefanya kazi Afrika Kusini, alieleza mnyama mdogo aliyetoka katika miamba ya Tanga, wakati huo ikiwa sehemu ya Tanganyika chini ya Waingereza. Alimwita Tangasaurus mennelli. Umbo lake lilikuwa la mjusi, lakini mkia wake ulikuwa umebanwa ubavuni na kupanuka kwenda juu na chini, kama ubao wa usukani. Mkia wa namna hiyo hauna faida kubwa kwa mnyama anayekimbia ardhini. Ndani ya maji ndio unaomsukuma mbele.

Aliishi kuelekea mwisho wa enzi ya Permi, zaidi ya miaka milioni 252 iliyopita. Tanga ya wakati huo haikuwa na bahari kwa maana ya leo. Madagaska ilikuwa bado imeshikana na Afrika katika bara kuu la Gondwana, na mabonde yaliyoanza kupasuka kati yao yalijaa mito na maziwa, na baadaye maji ya chumvi yakaingia hapa na pale. Ndiyo sababu haishangazi kwamba ndugu wa karibu kabisa wa mnyama wa Tanga amepatikana kusini-magharibi mwa Madagaska.

Huyo anaitwa Hovasaurus, na mifupa yake imepatikana kwa wingi kiasi kwamba wataalamu wameweza kulinganisha wachanga na wakubwa. Alikuwa na urefu wa karibu nusu mita, na sehemu kubwa ya urefu huo ilikuwa mkia. Lakini kilichowavutia zaidi watafiti ni kokoto zilizorundikana ndani ya tumbo lake. Hazikuwa zimechanganyika na mabaki ya chakula kama mawe ya kusagia yanavyokuwa katika firigisi ya kuku, na zilikaa upande wa chini wa mwili. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mnyama huyo alizimeza makusudi ili apate uzito wa kuzama. Nahodha yeyote wa jahazi angeielewa hoja hiyo bila kufundishwa, kwa kuwa ni farumi, ule mzigo wa mawe unaowekwa chini ya chombo kitupu ili kisiyumbe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba Hovasaurus alivuka mpaka wa enzi ya Permi na kuingia enzi ya Triasi. Huo si mpaka mdogo. Kutoweka kwa viumbe kulikotokea hapo ndiko kukubwa kuliko kote kunakojulikana, na baharini idadi kubwa kabisa ya spishi iliangamia. Kwa mjusi wa nusu mita mwenye mawe tumboni kuponea mahali ambapo wengi waliangamia, kuna jambo la kuchunguza, na wengi wanahisi kwamba maisha ya majini yalikuwa sehemu ya siri yake.

Na Kenyasaurus? Hapa wanasayansi ni waangalifu. Aliishi mwanzoni mwa Triasi na ni wa ukoo huo huo, lakini kielelezo kilichoelezwa mwaka 1977 hakina fuvu. Philip Currie wa Kanada, aliyeuchambua upya ukoo wote mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliugawa katika matawi mawili. La Tanga na Hovasaurus lilikuwa la waogeleaji, na la Mariakani lilikuwa la wanyama ambao miili yao haikuonyesha mabadiliko hayo ya majini. Kuwa na ndugu mwogeleaji hakumfanyi mtu kuwa mvuvi. Mabishano ya aina hii husuluhishwa kwa kukata kipande chembamba cha mfupa na kukitazama kwa darubini, kwa kuwa wazamiaji wengi huwa na mifupa mizito iliyojaa ndani, au kwa mashine za eksirei zinazopiga picha ndani ya jiwe bila kulivunja.

Saa iliyo ndani ya jiwe

Msafiri anayesimama Biharwe hukuta mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua, karibu na kituo cha utamaduni cha Igongo. Simulizi za Ankole na Bunyoro zinataja giza lililoshuka ghafla wakati wa vita. Hakuna aliyeandika tarehe, lakini mienendo ya jua na mwezi huweza kuhesabiwa kurudi nyuma, na hesabu hiyo ikaangukia tarehe 17 Aprili 1520.

Wanajiolojia hufanya kazi inayofanana na hiyo, ila saa yao imo ndani ya chembe za madini yaitwayo zirkoni. Zirkoni inapoganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka hubeba urani kidogo, na urani hugeuka kuwa risasi kwa kasi isiyobadilika. Nusu ya urani ya aina moja huhitaji karibu miaka bilioni 4.5 kugeuka. Ukipima kiasi cha risasi na kiasi cha urani kilichosalia, unapata umri. Safu ya majivu ya volkano iliyolala juu au chini ya kisukuku ni bahati kubwa kwa sababu hiyo.

Kipimo hicho ndicho kinachoifunga hesabu ya Biharwe. Vilima vya Mbarara na Isingiro ni sehemu ya ukanda wa miamba unaoitwa Karagwe-Ankole, unaoendelea hadi kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Sehemu yake kubwa ilianza kama tope na mchanga uliotua chini ya maji, kisha ukabanwa na kupikwa na joto la ardhi. Kwa maneno mengine, maji yalikuwapo. Lakini yalikuwapo zaidi ya miaka bilioni 1.3 iliyopita, na wanyama wa kwanza wenye mifupa walitokea takriban miaka milioni 500 iliyopita. Katika maji ya kale ya Ankole waliishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wachimbaji wa Kikagati, Isingiro, wamepasua miamba hiyo kwa miongo mingi wakitafuta madini ya bati, na bati ndilo wanalopata.

Ziwa Nakivale lenyewe, pamoja na jirani yake Mburo, ni changa mno likilinganishwa na miamba inayolizunguka. Lilitokea baada ya ardhi ya magharibi kuinuka na kuvuruga mwendo wa mito. Uganda ina visukuku mashuhuri, lakini viko kwingine: Napak na Moroto kule Karamoja, ambako mabaki ya nyani wa kale wa karibu miaka milioni 20 yamepatikana, na bonde la Ziwa Albert. Hivyo vyote ni vya baada ya watambaazi wakubwa wa baharini kutoweka.

Mawe ya kuuza

Anayetaka mosasauri barani Afrika anaweza kwenda Morocco au Angola. Huko Bentiaba, kusini mwa Angola, watafiti wamechimba tangu mwaka 2005 katika miamba iliyokuwa sakafu ya Atlantiki changa, na miongoni mwa waliowapata ni mosasauri aliyekuwa na mabaki ya mosasauri wengine watatu tumboni.

Katika pwani ya Afrika Mashariki tatizo ni jingine. Miamba yenye umri unaofaa ipo, tangu Tanga hadi Mariakani na Mazeras, lakini miamba hiyo hiyo ndiyo inayochongwa kwa ajili ya kujenga kuta na kutandika nyua. Bamba la jiwe lililobeba alama ya mkia au kiganja linaweza kupakiwa kwenye lori na kulazwa mbele ya nyumba, upande wenye alama ukiwa umeelekea chini, bila mtu yeyote kulitazama mara ya pili. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha namna hiyo atoe taarifa. Mabaki ya Tangasaurus aliyoyachambua Haughton yako Cape Town, na dinosaria wa Tendaguru, waliochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, wako Berlin. Kenyasaurus amebaki Nairobi, kilomita zisizofika mia tano kutoka alipolala, akisubiri mchimba mawe atakayekutana na fuvu la mwenzake.